Mashine Ilipata Meza Kabla Yangu

Mume wangu alikuwa seremala, na siku ya msiba wake tuliazima viti kwa muuza mkaa.

Muuza mkaa, jamani. Alivileta mwenyewe, amevifuta kwa kitambaa, lakini kila aliyeinuka kunipa pole aliondoka na alama nyeusi nyuma ya nguo.

Ndani mlikuwa na kitanda, kabati la marehemu mama mkwe na stuli mbili. Meza hakuna. Sahani za wageni tulizipanga sakafuni, wazee wakala wameinama kama wanaotafuta sindano.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alisimama katikati ya sebule akageuka polepole, pembe moja hadi nyingine.

"Wifi, hebu niambie," akasema. "Kaka yangu alikuwa fundi wa nini hasa?"

Sikumjibu. Namjibu hapa kwa maandishi, nanyi mkisoma si vibaya. Naandika nisije nikasahau.

Wifi, kaka yako alikuwa fundi wa kujiandaa.

Mtaani walimwita Milimita. Jina alipewa na Msumari, fundi mwenzake wa barabara ya pili, ambaye naye jina lake lilitokana na kazi zake. Msumari alianza kitanda asubuhi, jioni kimeshauzwa, na mteja akigeuka usingizini kitanda kinalia kama mbuzi.

Mume wangu yeye alipima ubao, akaweka alama ya penseli, kisha akaupima tena kuona kama haujabadili mawazo.

Tulipooana nilimwomba kitu kimoja tu. Meza ya kulia chakula.

Sikuomba dhahabu wala matembezi. Nilitaka tukae tukitazamana, tule.

"Hiyo umeshapata, mama," akaniambia. "Lakini si ya misumari. Nitakutengenezea ya ulimi na tundu, ubao uingie ndani ya mwenzake, gundi tupu. Meza ambayo hata wajukuu wataikuta."

Nikafurahi. Sikujua kwamba kwa mwendo wake hao wajukuu ndio wangekuwa wa kwanza kuiona.

Akaanza kwa kununua ruta ya mtumba. Kwa msioijua, ni mashine ya mkono yenye kisu kinachozunguka kwa kasi, inachonga mifereji na kupamba kingo za mbao. Ikiwashwa, meno yote yanawasha.

"Sasa tunaanza meza," nikasema.

"Bado. Ukiishika mkononi inatetemeka. Inahitaji meza."

"Nani anahitaji meza?"

"Ruta."

Basi ikatengenezwa meza ya ruta. Na haki ya Mungu, ilikuwa meza. Juu plaiwudi nene iliyobandikwa karatasi ngumu ya kung'aa. Katikati tundu, na chini yake ruta imening'inizwa kichwa chini, kisu kikichungulia juu. Nyuma ya kisu kulikuwa na ubao ulionyooka wa kuegemezea kazi, unaosogea taratibu kwa kuzungusha skrubu. Pembeni akaweka droo ya visu, kila kisu na kitundu chake.

Droo, wapendwa. Vijiko vyangu vilikaa kwenye kopo la maziwa.

Ndipo nilipojua kwamba nina mke mwenza, na kwamba anatumia umeme.

Baada ya hapo zikaja jigi.

Jigi ni kifaa cha mbao ambacho fundi anajitengenezea mwenyewe, kishike ubao au kiiongoze mashine, ili ikate palepale kila mara bila kubahatisha. Naijua maana hiyo kwa moyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika ncha ya pili ya kila ubao.

"Shika hapo, mama. Usisukume. Kiache kisu kifanye kazi yake."

Akatengeneza jigi ya kuchonga ndimi. Akatengeneza ya matundu. Akatengeneza ya kukata duara. Halafu siku moja nikamkuta anaunganisha kitu kama kitanda cha paka.

"Na hiyo ni ya nini?"

"Hii ni jigi ya kutengenezea jigi."

Nikarudi jikoni.

Nilikula sahani ikiwa mapajani. Chakula chake nilikifunika kikapoa. Nilimwita mpaka nikachoka. "Nakuja," anasema, kisha ruta inalia tena.

Msumari alipita akanikuta kibarazani nakula hivyo hivyo.

"Shemeji, hii ni aibu ya mafundi wote," akasema. "Kesho nakuletea meza."

"Atakasirika."

"Akasirike. Hesabu ni msaada kwa waathirika."

Akaileta kweli. Miguu minne, kila mmoja na msimamo wake wa kisiasa, lakini ilikuwa meza. Niliitandikia kitambaa, nikaweka sahani mbili zikitazamana.

Mume wangu aliingia, akanawa mikono, akavuta stuli akaketi. Moyo wangu ukajaa.

Kisha akatoa mfukoni pimamaji ndogo, ile ya kipovu inayoonyesha kama kitu kimelala sawa, akailaza katikati ya sahani.

Kipovu kikakimbilia ukutani.

"Mama," akasema kwa upole, kama daktari mwenye majibu mabaya. "Mchuzi wako utahamia kwangu."

"Uhamie. Wewe si mume wangu?"

Alikula, lakini macho yake yalikuwa chini ya kitambaa.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka sokoni nikakuta kitambaa changu kimekunjwa vizuri juu ya kitanda. Meza haipo. Nikaenda karakana yake, nyuma ya nyumba. Uso wa meza ulikuwa umelala vipande vipande karibu na msumeno.

"Plaiwudi yake ilikuwa nzuri sana," akasema. "Imetosha jigi ya miguu. Sasa miguu yote itatanuka sawasawa, hakuna utakaozidi mwenzake."

"Miguu ya nini?"

"Ya meza yako."

Nilimnunia siku nyingi. Hakugundua. Ruta ilikuwa inalia.

Msumari alipopata habari alikaa chini barabarani akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nimeleta meza," akasema, "jamaa ameona malighafi."

Halafu mume wangu akaugua. Kifua. Hapa sitaandika mengi, mliowahi kuuguza mnajua. Alipokatazwa vumbi la mbao alilala akichora hewani kwa kidole, anafunga jicho moja, anarekebisha.

Siku ya mwisho aliyokuwa na nguvu za kusema aliniashiria nisogee. Nikamwekea sikio mdomoni. Nilijua sasa nitasikia ya mume na mke.

"Ile jigi ya miguu," akasema. "Isilowe. Ikilowa inapinda."

Ndiyo hayo niliyoachiwa.

Msiba ulipotulia, wifi alikuja na magunia.

"Tusafishe karakana," akasema. "Mashine iuzwe, hivi vibao tuwashie moto. Mtu mzima kuacha takataka kiasi hiki."

"Visiguswe. Kuna meza yangu humo."

Wifi akachungulia. "Iko wapi?"

"Haijatoka bado."

Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Nikamfuata Msumari. Alikuja na nyundo yake begani, akasimama mbele ya rafu za jigi akavua kofia.

"Shemeji, nisikudanganye. Hivi vidude sivijui hata kimoja."

"Mimi najua vinavyofuatana. Nyundo weka nje."

"Niweke nje?"

"Nje, shemeji. Mbao zisije zikaogopa."

Na kweli nilijua. Miaka ile yote niliyodhani nashika ubao tu huku nikinung'unika, masikio yalikuwa yakisoma. Mbao ngumu zilikuwa juu ya kenchi, amezikausha mwenyewe, amezigeuza kama mgonjwa asipate vidonda. Tulizishusha. Niliifunga ya kwanza kwenye jigi, Msumari akawasha ruta na kuanza kusukuma kwa mabega yote mawili.

"Usisukume," nikamwambia. "Kiache kisu kifanye kazi yake."

Akazima mashine akanigeukia. "Umeniogopesha. Nimedhani ni yeye."

"Washa."

Ndimi zikatoka moja baada ya nyingine, hakuna iliyozidi mwenzake. Tukatoboa matundu. Tulipoingiza ulimi wa kwanza, ulizama kwa sauti ndogo kama pumzi, ukakaa. Msumari akauchomoa. Akauingiza. Akauchomoa tena.

"Unafanya nini sasa?"

"Nasikiliza," akasema. Akafuta uso, vumbi likamwachia miwani nyeupe. "Kumbe mimi miaka yote nimekuwa nikipigana na mbao."

Meza niliyoisubiri ndoa nzima tuliichonga kabla jua halijalegea. Tukapaka gundi, tukaibana, tukaiacha ishike.

Kesho yake wifi alikuja kushuhudia, magunia bado kwapani. Nikaondoa vibanio. Ilikuwa meza ya duara, pana, miguu imetanuka kama ya mtu anayepokea mzigo. Niliweka pimamaji juu yake. Kipovu kikasimama katikati, hakina habari na mtu.

Wifi akapitisha kiganja ukingoni, akazunguka nao mpaka alipoanzia.

"Kaka yangu," akasema, kiganja bado kiko ukingoni.

"Haya tuipeleke ndani," nikasema.

Hapo ndipo tulipojua.

Mlango wa karakana ni mwembamba, na ukitoka tu unakutana uso kwa uso na ukuta wa jirani. Tukailaza meza ubavu. Mguu mmoja ukapita, wa pili ukagonga fremu. Tukaigeuza. Ukapita wa pili, ukagoma wa kwanza. Tukaijaribu miguu mbele, tukaijaribu miguu nyuma. Mara moja tulifika nusu, Msumari amebanwa nje kati ya meza na ukuta, wifi yuko ndani, mimi niko chini kama fundi wa magari.

"Ikatwe mguu mmoja, utabandikwa baadaye," wifi akasema.

"Ukiugusa mguu huo nitakukata wewe, nikubandike baadaye."

"Basi ifunguliwe."

"Haifunguki hii," Msumari akajibu kutoka nje, sauti imebanwa kama yeye. "Gundi tupu. Hakuna hata skrubu moja ya kubembeleza. Na mkisema tubomoe fremu, ukuta wote unakuja."

Tukairudisha ndani. Msumari akachukua futi ya marehemu, akapima mlango, akapima meza, akaketi juu ya gunia la wifi.

"Alipima mpaka unene wa penseli," akasema. "Mlango hakuupima."

Nikaanza kucheka. Sikuwa nimecheka tangu hospitali. Wifi akanikazia macho, akajizuia, akashindwa. Tulicheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine, na wifi akatupa magunia akanikumbatia, tukawa hivyo. Msumari alitoka akaenda kutafuta nyundo yake, alivyosema.

Siku ile nilipika, nikapakua, nikasimama na sahani jikoni. Mapaja yalikuwapo. Kibaraza kilikuwapo.

Nikaibeba sahani mpaka karakana.

Nilipuliza vumbi, nikaketi. Kulikuwa na nafasi ya sahani ya pili, nafasi kubwa tu. Mlango ule mwembamba ulikuwa haujawahi kufungwa hata siku moja. Kwa mtu mwenye sahani mbili mkononi, ulitosha kabisa.

Tangu siku hiyo nakula humo. Wifi aliwatangazia ukoo mzima kwamba akili imenihama, nakula kwenye vumbi na vibao. Sasa kila mwisho wa wiki anakuja na bakuli lake, anafunika mchuzi kwa kiganja, anauliza chumvi iko wapi.

Ningeishia hapa, lakini juzi nimepata mgeni. Mke wa Msumari. Aliingia bila hodi, kanga imekazwa kiunoni.

"Mama, umemfanya nini mume wangu?"

"Amefanyaje?"

"Aliazima kidude kwako, na tangu arudi nacho si yule. Wateja wanafuata vitanda anawaambia warudi. Chetu cha ndani kimevunjika, misumari yake mwenyewe, nalala chini. Nikimwambia atengeneze kingine anasema sawa, kizuri kabisa, cha gundi tupu."

"Na amekianza?"

"Anasema kwanza anaitengenezea ruta meza."

Nilimvutia stuli. Nikampakulia, nikamwekea sahani ng'ambo ya yangu. Aliketi huku amefura, akaegemeza viwiko mezani, akatulia, akauangalia ukingo wa meza. Akaupitishia kidole.

"Hii ndiyo mliyoitengeneza naye?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Ndiyo hii."

"Sasa mimi nifanyeje?"

Nikamwambia nililonalo, na nanyi nawaachia hilo hilo, maana jingine sina.

"Usikae ndani ukimwita. Atasema anakuja, na kweli yeye anadhani anakuja. Pakua, umfuate hukohuko, mle kwenye vumbi lake wakati bado anapima." Nikamsogezea mboga. "Na kabla hajafungua gundi, chukua futi, upime mlango wewe mwenyewe."