Niliingia Shuleni na Mchi wa Kinu Saa ya Chakula

Mwaka juzi, mchana kweupe, niliingia shule ya msingi na mchi wa kinu mkononi, namtafuta mtu wa kumvunja.

Nina miaka sitini na tisa. Magoti yananiuma. Sijawahi kumpiga hata mbuzi wa jirani aliyenimalizia mboga bustanini.

Lakini siku ile, jamani, sikuwa na masikio ya kuambiwa.

Namlea mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi za ndani mbali na anakuja mara mbili kwa mwaka. Mtoto alikuwa darasa la sita, kiranja, mpole. Akipakua chakula ananipakulia mimi kwanza, halafu anaficha kipande chake cha nyama chini ya wali wangu, akidhani sioni.

Mtoto kama huyo akaanza kurudi na damu kwenye sare.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mkono wa shati. "Nimeanguka, Bibi."

Mara ya pili, kwenye kola. "Nimeanguka tena."

"Unaangukia shingo?"

Akavua shati, akanipa. Nikafua.

Wiki iliyofuata nikaona kiganja chake cha kulia. Malengelenge matatu, moja limepasuka.

Nimeshika jembe miaka arobaini. Malengelenge ya jembe hutoka mikono yote miwili. Ya ndoo hukaa kwenye vidole. Haya yalikuwa kiganja kimoja tu. Ningekuwa na akili zangu ningejiuliza. Sikujiuliza. Hasira ikishapanda, macho huona yanachotaka.

Fundi cherehani, jirani yangu, ana mtoto shule hiyohiyo. Ndiye aliyenifungua macho, au niseme nusu ya macho.

"Kwani hujui, Mama? Saa ya chakula watoto hawali. Wanabeba maji kutoka kisimani kumpelekea yule mwalimu wanayemwita Kengele. Anajenga nyumba nyuma ya shule. Wa mwisho kufika anachapwa."

"Anachapwa na nani?"

"Si Kengele huyohuyo? Nani mwingine? Wangu alishachapwa mara mbili. Ukilalamika, wanakwambia mtoto atarudia darasa."

Jioni ile nilimkanda mjukuu wangu kile kiganja kwa maji ya chumvi. Alilia bila sauti.

"Kesho nakuja shuleni," nikamwambia.

Akashtuka. "Usije, Bibi. Nakuomba, usije."

Nilidhani ananionea huruma.

Kesho yake nilifika getini jua la utosi. Mlinzi, mzee wa rika langu, akanitazama.

"Bibi, huo mchi wa nini?"

"Nimekuja kutwanga."

"Kutwanga nini?"

"Mtu."

Akafikiri kidogo. Akafungua geti. "Pita nyuma ya jiko. Ukipita mbele Kengele atakuona." Kisha akanivika kofia yake, maana jua lilikuwa kali. Wema mwingine hauna maneno mengi.

Nyuma ya jiko, sahani za chakula zilikuwa zimepangwa mezani, nzi juu yake. Watoto walikuwa wanapanda kimlima mbio, ndoo vichwani, maji yanawamwagikia usoni. Hakuna aliyecheka. Watoto wakikimbia bila kucheka, ujue kuna jambo.

Kengele alikuwa ameketi kivulini, anakula.

Wa mwisho kufika alikuwa kitoto cha darasa la pili. Wenzake walimwita Punje, kwa udogo wake. Ndoo yake ilibaki nusu. Msichana mmoja akammiminia maji kidogo kutoka ndoo yake mwenyewe, harakaharaka. Niliona. Haikusaidia.

"Tano," Kengele akasema, mdomo umejaa.

Watoto wakafanya duara. Mimi niliona mkono tu juu ya vichwa vyao, umeshika kipande cha mpira wa maji.

Kikashuka. Punje akapiga magoti.

Kiboko cha pili kikampata mgongoni.

Cha tatu kikakosa bega kikamkuta sikioni. Damu ikachuruzika hadi kwenye kola.

Mwalimu ameketi. Basi anayepiga ni nani? Sikusubiri jibu. Nilipenya katikati ya watoto, mchi nimeunyanyua kwa mikono miwili, namlenga mwenye mpira.

Akageuka.

Alikuwa mjukuu wangu.

"Bibi," akasema. Halafu, Mungu ni shahidi yangu, akasema, "Bado mbili."

"Mbili nini?"

"Nisipomaliza napigwa mimi. Wote wananipiga, kila mtu moja."

Ile damu haikuwa yake. Haikuwahi kuwa yake.

Kengele akainuka, anafuta mdomo, anatabasamu. "Karibu, Mama! Kumbe huyu ni wako? Hodari sana. Hajabeba ndoo hata siku moja!"

Alidhani nitamshukuru.

Nikashusha mchi. Ulimpata gotini. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Sahani ikaruka, akaanguka chali, akaanza kumwita mama yake.

Mpishi akatoka mbio jikoni. "Ongeza, Mama! Ongeza!"

Nikaunyanyua tena.

Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ndogo ya mjukuu wangu, imetulia kabisa, inahesabu:

"Moja."

Nikautupa mchi chini.

Punje nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Mjukuu wangu alinifuata nyuma, ameshika viatu vya yule mtoto. Muuguzi akachungulia sikio kwa tochi, akatikisa kichwa. Ngoma imepasuka.

Fundi cherehani alikuja akaninong'oneza, "Mama yake yuko njiani. Mwambie ni Kengele. Si uongo, ni kweli nusu."

Lingekuwa jambo rahisi. Nilimtazama mjukuu wangu. Nilijua nikisema hivyo, nitamwokoa leo na nitampoteza moja kwa moja.

Mama yake Punje anauza mboga. Aliingia na majani yamemganda mikononi.

"Nani kamfanya hivi mwanangu?"

"Aliyeamuru ni mwalimu," nikasema. "Aliyepiga ni mjukuu wangu. Na mimi nilifua damu mara mbili, sikuuliza ni ya nani."

Mjukuu wangu akasogea mbele. Akanyoosha viganja vyote viwili, kama wanavyofanya shuleni, akafumba macho.

Yule mama akainua mkono. Akavitazama vile viganja.

Kofi likanishukia mimi. Meno yaligongana, nikaonja damu.

"Huyu ni mtoto," akasema. "Wewe ndiye mkubwa. Wewe ndiye wa kuuliza."

Alisema kweli. Kisha akaketi sakafuni akalia, na baada ya muda akamvuta mjukuu wangu kwa kola, akamketisha karibu na Punje.

Kengele alifukuzwa kazi. Anachechemea. Mimi nilikaa mahabusu siku mbili, askari mmoja akinigawia chai yake, na hakimu akaniachia kwa onyo kali. Sikulalamika. Goti la mtu nililivunja kweli. Punje anasikia kwa sikio moja.

Walezi wenzangu, mtoto akirudi shuleni tumezoea kumuuliza, "Nani kakuonea leo?" Muulize. Lakini muulize na la pili: "Na wewe, umetumwa umfanye nini mwenzako?"

Hilo la pili ndilo gumu. Siku ya kwanza nilipomuuliza wangu, alikaa kimya mpaka maji yake ya kuoga yakapoa. Nikayachemsha tena. Yakapoa tena.

Nikakaa hapohapo, nikamsubiri, mpaka akaanza kuwataja aliowachapa, mmoja mmoja.