Kilima Kitupu cha Bama

Baba yangu mdogo anakaa Manundu, pale Korogwe, anauza vipuri vya pikipiki. Hajawahi kuvaa gwanda hata siku moja. Lakini mpe kiti na watu watatu wa kumsikiliza, atawapiganisha vita vya Bama mpaka chai iishe kwenye birika. Aliyekwenda Bama, yaani Burma, Waingereza walikopeleka vijana wetu kupigana na Wajapani, ni baba yangu mzazi, kaka yake mkubwa. Wakati huo baba mdogo hata kuzaliwa hajazaliwa, ila yeye ndiye anayejua kila kitu.

Katika vita vyake, baba anapanda mlima na singe mdomoni, risasi zinampita masikioni, anawanyonga Wajapani kwa mikono, halafu anasimika bendera juu. Nimeisikia hadithi hiyo harusini, nimeisikia msibani, nimeisikia kwenye mkutano wa ushirika tulipokuwa tunazungumzia mbolea. Kila mwaka Wajapani wanaongezeka. Upuuzi mtupu, na mtu mzima anausema bila hata kupepesa macho.

Baba mwenyewe alinisimulia mara moja tu, huku Sindeni, tukipalilia mahindi. Alisimulia kama mtu anayeeleza jinsi mbuzi wa jirani alivyokula mbegu zake.

Vita vilikuwa mwishoni, alisema. Wajapani walishachoka, wana njaa, wanarudi nyuma. Mbele ya kikosi cha baba palikuwa na kilima, na afisa wao Mzungu akasema lazima kitekwe. Mizinga ikakipiga tangu alfajiri mpaka miti ikabaki visiki. Kisha wakaambiwa wapande. Wakapanda kwenye tope na mvua, ruba wamewaganda miguuni, wengine wanateleza na kurudi walikotoka. Walipofika juu hawakumkuta mtu. Palikuwa na sufuria iliyotoboka na ndala moja. Basi.

Yule afisa akapeana mkono na afisa mwenzake, eti kilima kimetekwa. Baba akaacha kupalilia, akaniuliza, "Kimetekwa kutoka kwa nani?" Akatema mate pembeni, akaendelea na kazi.

Sasa, baba alikuwa na mwenzake katika kikosi hicho, kijana wa Kerenge, Msambaa. Sisi Wazigua na Wasambaa ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akachukua kuku wako uani, akakuita mchawi, na huna ruhusa ya kukasirika. Hao wawili waliuchukua utani wao wakaenda nao mpaka Bama. Wenzao waliamka kwa sala, wao waliamka kwa kutabiriana vifo. Huyu anasema leo unakufa, Msambaa. Yule anajibu, tangulia wewe, Mzigua, nitakuja kukuzika. Wanacheka, wanafunga viatu, wanaondoka. Ilikuwa hivyo kila siku ya Mungu, na baba alisema bila hivyo angerukwa na akili.

Mchana ule, kilima kikiwa kimeshatekwa kutoka kwa sufuria na ndala, zikaja ndege zao wenyewe kuleta chakula. Vitu vingine vilishuka kwa miavuli. Mchele haukupewa miavuli, ulisukumwa tu ukiwa kwenye magunia, uanguke utakapoangukia. Yule Msambaa alikuwa amekaa kwenye kisiki, peupe kabisa, anajitoa ruba. Baba akaona ndege moja imekuja chini mno, imeelekea kule kule. Akapiga kelele, "Msambaa, ondoka hapo, unakufa!"

Mwenzake hata kichwa hakuinua. Alicheka. Baba aliliona bega lake likitikisika kwa kicheko. Akajibu lile jibu lake la kila asubuhi, na gunia likampata.

Ndiye pekee aliyekufa siku ile, siku nzima ya mizinga na amri na kupeana mikono. Na msidhani baba aliapa asile wali maisha yake yote. Jioni waliupika mchele ule ule, wakala, kwa sababu walikuwa na njaa. Huko Kerenge wazazi wa marehemu wakapelekewa habari kwamba kijana wao ameanguka kishujaa akipambana na adui. Waliotunga maneno hayo sijui hata kama waliona haya. Nadhani hawakuona.

Baba aliporudi hakutaniana tena na mtu. Watani walikuja, wakabeba kuku wake, wakamwita majina yote, naye akawaangalia tu. Watu wakasema ana kiburi cha jeshi. Aliyemsumbua zaidi ni mdogo wa yule Msambaa aliyekufa, aliyekuwa mtoto mdogo kaka yake alipoondoka. Wakikutana sokoni Korogwe, alimkamata baba shati: "Wewe Mzigua ulimla kaka yangu. Sema ulimwacha wapi!" Soko zima linaangua kicheko. Baba anampa ugoro, anaondoka zake. Miaka ikaenda hivyo mpaka wote wawili wakawa wazee, shati linakamatwa, ugoro unatolewa.

Nilimuuliza baba kwa nini hamwambii. Akasema, "Nimwambie nini? Kwamba nilimwonya akacheka?" Halafu akasema akifa nimwambie mimi. Nilimdharau kwa neno hilo, siwafichi. Mtu amepanda kilima kwa miguu yake, kumweleza mwenzake sentensi mbili anamwachia mtoto.

Basi akafa. Baba mdogo akaja Sindeni na spika ya kukodi, msibani! Alitaka asemee juu ya kaburi lenyewe. Watani nao wakaja, na kazi ya watani kwenye maziko yetu inajulikana: wanamwigiza marehemu, wanaficha majembe, wanazuia maziko mpaka wapewe kitu. Yule mzee wa Kerenge, wa kukamata shati, alikuja na fimbo, mgongo umeshapinda. Akaomba ashikwe mkono, akashushwa kaburini, akakaa chini kabisa.

"Hazikwi mtu hapa," akasema, "mpaka aseme alimwacha wapi kaka yangu."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Akapewa kuku, akampokea, akabaki amekaa. Akaletewa wa pili, akamkataa. Wakazidi kucheka, wakisema mtani wa leo ana tamaa. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni, nikainama kumtazama usoni. Mzee yule hakuwa anatania. Na nikaona kumbe hata sokoni, miaka yote ile, hakuwahi kutania.

Baba mdogo akawasha spika yake. Akaanza kumweleza mzee kwamba kaka yake alikufa mikononi mwa marehemu, bendera imelowa damu, Wajapani wamelala huku na huku. Nikamwambia, "Baba mdogo, nyamaza." Mbele ya ukoo mzima. Ni utovu wa adabu, nakubali, na mpaka leo sijamwomba radhi wala sitamwomba.

Nikachuchumaa, nikamwamkia mzee pale chini alipo, nikamweleza yote. Kilima kitupu, ndege, gunia la mchele, na sauti ya baba ikimwita atoke.

"Alimwambia atoke?" mzee akauliza.

"Alimwambia, mzee. Akadhani ni utani."

"Akajibu nini?"

"Alisema, tangulia, Mzigua, nitakuja kukuzika."

Mzee akamwachia kuku aliyekuwa mapajani. Akanyoosha mkono, tukamvuta juu. Baba akashushwa, akalazwa, mbao zikapangwa. Vijana wakashika majembe, lakini mzee akamnyang'anya mmoja wao la kwake. Wakamsihi apumzike, ni kazi ya wenye nguvu. Akawasukuma kwa kiwiko.

"Kaka yangu alitoa ahadi," akasema. "Niacheni."

Akavuta udongo wa kwanza, ukaanguka juu ya mbao.