Kobe Aliyenukia Sabuni

Binti yangu anamwogesha kobe uani, kobe yule yule ambaye bibi yangu alimkuta siku alipoolewa katika nyumba hii. Harufu ya sabuni ya mche imenifikia jikoni, nami nimeganda na kisu mkononi.

Nilipokuwa mtoto, sabuni ilikuwa imeadimika Babati nzima. Mgambo walipekua nyumba kwa nyumba, na aliyekutwa ameficha bidhaa alichukuliwa. Baba alikuwa amezika katoni moja ya sabuni ndani ya banda la kuku.

Mgambo aliyekuja kwetu alipekua magunia, akachungulia mvunguni, akakosa. Akiwa anaondoka akamwinua kobe kumchezea. Akamnusa.

Asubuhi ile nilikuwa nimemwogesha kobe kwa kipande kilichodondoka baba alipokuwa akizika.

"Mama," mgambo alimwambia bibi polepole, "huyu mnamwogesha na nini?"

Bibi alinitazama mimi. Baba alitazama banda.

Mgambo akamnusa tena, amefumba macho. Kola yake ilikuwa nyeusi kwa jasho.

"Mke wangu amejifungua juzi," alisema.

Bibi akachukua jembe, akaenda mwenyewe bandani.

"Maji matupu!" namfokea binti yangu. Ananitazama, povu mikononi, haelewi kakosa nini.