Kadi Elfu Mbili za Laurentine

Nikisimulia habari za Laurentine, watu wa mtaa wetu wa Katuba huniambia: Régine, punguza hasira, hayo ni ya zamani. Nipunguze ya nini? Hasira ni yangu, sikuiazima kwa mtu.

Laurentine alikuwa binti wa fundi wa reli, mwembamba, mbishi, mkimya mpaka umchokoze. Katika karatasi za kazini jina hilo la Kizungu lilikatazwa. Ilikuwa miaka ya majina ya mababu, basi pale aliandikwa Citoyenne Kasonde, yaani Mwananchi Kasonde. Sisi wawili tulitumika mjini, katika kampuni moja ya dola iliyopelekea migodi vipuri. Jina la kampuni silitaji, halistahili. Kutwa tulikaa mbele ya mashine tukipiga namba za boliti na mikanda, nayo inatoboa matundu kwenye kadi za karatasi ngumu, kisha ordinateri, yaani kompyuta, inasoma matundu yale. Kufikiri waliachiwa wanaume wa chumba cha pili.

Laurentine akataka kufikiri. Alijifundisha kuandika programu peke yake, kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Mwaka wa sabini na nne ikaja ordinateri mpya pamoja na kompilateri yake, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa maagizo ambayo mashine inaelewa. Kompilateri yenyewe ilikuwa kadi elfu mbili ndani ya maboksi mawili. Unailisha mashine kadi hizo kwanza, ndipo unafuatisha kadi zako. Mkubwa wetu, Citoyen Chomba, akamwambia mbele ya watu wote: ukifaulu kuitumisha kompilateri hii kabla ya Ijumaa saa sita, nafasi ya programeri ni yako, ukishindwa nampa Edouard wa chumba cha pili, nawe utatoboa kadi mpaka uzeeke. Alisema huku anacheka, maana hakuamini hata kidogo.

Jumatatu Laurentine akalisha kadi. Mashine ikasoma kidogo, ikasimama, taa nyekundu ikawaka. Akadhani kosa ni lake, kama wanaoanza wote wanavyodhani. Akatoboa upya kadi zake kumi na mbili. Taa nyekundu. Jumanne akasafisha brashi za kisomeo cha kadi, akalinganisha kila swichi na kitabu. Taa nyekundu. Jumatano Chomba akaja mara tatu kumwuliza kama bukari, ugali wetu, imeiva, na Edouard akamkubalia kwa kicheko. Ningekuwa na mwiko wa bukari mkononi, ningejua pa kuuweka.

Alhamisi akachukua kadi chache za kompilateri, akaziinua dirishani. Sisi watoboaji tulisoma matundu kwa macho tu, kama wengine wanavyosoma gazeti. Mwisho wa kila kadi palikuwa na namba ya mfuatano. Ya kwanza kumi na nne, iliyofuata mia tatu sabini na moja.

"Yaya Régine," akaniita, yaani dada mkubwa, sauti chini. "Nani aligusa hizi karte?"

Nilikuwa mimi. Jumamosi iliyopita Laurentine alikuwa matangani Kipushi, na sisi tulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya kila Jumamosi ya kusafisha nchi kwa jina la Chama kilichotawala peke yake. Wajumbe wake walitarajiwa kutembelea ofisi. Chomba akafungua maboksi, akaona kadi za ukingo mwekundu, wa buluu na mweupe zimechanganyika, akasema ni aibu, wageni watatuona wachafu. Akaniagiza nizipange. Nikazipanga kwa rangi, nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu, nikazifunga kwa mipira, akanisifu. Kumbe mchanganyiko ule ndio uliokuwa kompilateri. Na karatasi ya fundi aliyeleta mashine, iliyosema kadi zisiguswe, ilikuwa mezani kwa Chomba siku zote hizo, chini ya sahani yake ya karanga!

Nilipomwambia, Laurentine alinitazama kwa ghadhabu nisiyowahi kuiona kwake. Angenipiga ningekubali. Halafu akaniambia nibebe boksi moja. Tukaenda kwenye mashine yetu ya kutenga kadi, tukazipitisha mara nne, tukianza na tarakimu ya mwisho na kupanda hadi ya kwanza, kama tulivyofanya kila mwezi na kadi za boliti. Hakuna mwanaume wa chumba cha pili aliyejua kazi hiyo. Ijumaa saa tatu akalisha kadi. Mashine ikazimeza zote, ikanyamaza, kisha ikaanza kuchapa orodha ya vipuri, safi, bila kosa. Tulikumbatiana tukalia.

Chomba akachukua karatasi ile, akatuita ofisini, akafunga mlango. Akasema direksheni, wakubwa wa juu, inataka kujua siku nne zilipotelea wapi. Hawezi kuandika kwamba salongo iliharibu kitu. Salongo ni ya Chama, na Chama hakikosei. Akasukuma barua iliyokwisha kupigwa taipu: Citoyenne Kasonde, kwa uzembe wake, aliangusha maboksi ya kadi.

"Tia sahihi, nafasi ni yako," akasema. "Ukikataa, Edouard anaanza Jumatatu."

Nikafungua mdomo nikiri kwamba ni mimi niliyezipanga kwa agizo lake. Laurentine akanishika mkono chini ya meza.

"Yaya, nyamaza. Weye uko na batoto bane, na bwana yako haiko na kazi."

Akaomba kalamu ya bic, akatia sahihi.

Aliandika programu pale miaka kumi na minane, mpaka ofisi ikafungwa. Aliwafundisha vijana ambao baadaye walipandishwa juu yake, wakamtuma kama mtumishi. Yeye hakupandishwa cheo hata mara moja, kwa kuwa kila mkubwa mpya alipofungua dosiye yake, faili la kazi, aliikuta ile barua juu: mzembe, aliangusha kadi. Hao hawakujua. Mimi nilijua, na meza yangu ilikuwa milango miwili tu kutoka kwao. Aliniambia ninyamaze, nami nikanyamaza.