Maji Yaliyo Kwenye Mchakato

"Hayo maji yaliyo kwenye mchakato, kwa sasa yako wapi?"

Aliyeuliza alikuwa mzee jirani yetu wa bondeni, mgane, ameketi kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu huku magoti yakimkaribia kidevuni. Aliyeulizwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao wa shule ya msingi, mkononi nimeshika taarifa ya diwani wa kata yetu. Diwani huyo ni mama yangu. Alikuwa ameketi pembeni, kitambaa shingoni, kwa sababu sauti yake ilikuwa imekauka tangu asubuhi, na ndiyo maana nilisoma mimi.

Nilitazama karatasi kana kwamba jibu lilikuwa limejificha kati ya mistari. Niliichapa mwenyewe na nilijua halimo.

Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya chuo, sina kazi, na kata yetu iko pembeni mwa mji wa Bukoba, ukishapita Kibeta, mahali ambapo mji unaanza kusahau kuwa ni mji na migomba inarudi hadi barabarani. Mama alikuwa fundi cherehani kabla ya kuwa diwani, na alibaki fundi cherehani baada ya hapo. Taarifa zake alinitamkia akiwa anashona. Mguu unakanyaga, mdomo unataja mtaro, taa za barabarani, jalala la karibu na soko, zahanati. Mimi nachapa, na kila sentensi tunagombana.

"Andika: mtaro utakarabatiwa."

"Na nani?"

"Andika kwanza."

"Mama, sentensi hii haina mtu ndani yake. Mtaro haujikarabati."

"Wewe chuoni ulifundishwa kuandika au kukataa kuandika?"

Neno nililolichukia kuliko yote lilikuwa mchakato. Kila kitu ambacho hakikuwepo kilikuwa kwenye mchakato. Nilimwambia mama kwamba hilo ni neno la watu wanaotaka kuonekana wanatembea huku wamekaa. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Ndilo walilonipa kwenye baraza la madiwani. Nikiwauliza maji ya bondeni, wanasema mchakato. Nikiuliza tena, wanasema mchakato unaendelea. Sasa mwanangu, nitaandika nini, kwamba bomba limefika?"

Maji ya bondeni ndiyo hasa yaliyokuwa yakimnyima usingizi. Tangi kubwa lilikuwa limeshajengwa juu kilimani, wa juu walishaanza kufungua mabomba uani, lakini kaya za chini ziliendelea kushuka chemchemi kwa njia ya mteremko ambayo mvua ikinyesha inageuka sabuni. Na mvua ya Bukoba haikuulizi kama umemaliza kuchota. Kwa wengi hiyo ilikuwa taabu ya kila siku, wanaizoea na kuilalamikia. Kwa mzee wetu ilikuwa jambo la kubaki au kuondoka. Goti lake moja lilikuwa limeharibika. Binti yake aliyeolewa Muleba alikuwa amemwambia wazi kwamba baba hawezi kuendelea kushuka chemchemi peke yake, atakuja kumchukua. Na mzee alikuwa amekataa wazi vilevile, kwa sababu mke wake amezikwa kwenye kibanja chao, nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni, na hakuwa tayari kumwachia nyasi.

"Huyo mwanamke alichukia magugu," aliniambia siku moja akiwa anapalilia pale kaburini, ameegemea jembe. "Nikiondoka wiki moja tu, atanisema."

Kila jioni ya kuamkia mkutano, mama alimpelekea kahawa ya kutafuna. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Punje za kahawa huchumwa zikiwa bado mbichi, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, na mgeni akifika hupewa chache mkononi kabla ya neno lolote la maana kusemwa. Mama alizifunga kwenye kipande cha jani kavu la mgomba, akashuka nazo mteremko, akampa mzee kwa mikono miwili. Kisha walikaa barazani wakitafuna na kuongea Kihaya kwa sauti ya chini. Mimi nikifika, wanahamia kwenye habari za mvua.

Nilikuwa na maelezo yangu. Nilikuwa nimesoma jinsi wanasiasa wanavyowalainisha watu wenye midomo mikali, na katika kata nzima hapakuwa na mdomo mkali kama ule. Mkutano baada ya mkutano, mzee huyo ndiye aliyeinua mkono wa kwanza, na swali lake ndilo lililouma. Kilichonichanganya ni kwamba kahawa haikufanya kazi. Alikula kahawa ya mama jioni, na asubuhi akamuuliza kwa nini lori la taka linajua njia ya kwenda kwenye hoteli lakini halijui njia ya kwenda sokoni.

"Unampelekea ili anyamaze?" nilimuuliza mama.

Alicheka hadi akashika meza ya cherehani. "Kama ni hivyo, basi kahawa yangu ni mbaya sana."

Sasa basi, siku ile darasani. Mvua ilikuwa imetufukuza uwanjani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, makoti yananuka moshi na unyevu. Mtaalamu wa maji naye alikuwepo, kijana mwenye buti safi, ameketi karibu na mlango. Kabla hatujaanza, mzee alimtania mama kuhusu sauti, akianza na waitu, neno letu la heshima.

"Waitu diwani, Mlutheri akinyamaza ujue ni mgonjwa kweli."

Mama alionyesha koo lake na kutikisa kichwa kwa huzuni. Mwanakwaya mwenzake akajibu kwa niaba yake, "Ni mazoezi ya kwaya, mzee. Nyie Wakatoliki mngeimba kwa nguvu hivyo, nanyi mngekauka."

"Sisi tunaimba na Mungu anasikia. Hatuhitaji kumpigia kelele."

Watu wakacheka, nami nikaanza kusoma. Mtaro. Taa. Jalala. Zahanati imepata kitanda cha kujifungulia. Nikafika kwenye maji, nikasoma kwamba mradi wa kufikisha huduma bondeni uko kwenye mchakato, na kabla sijageuza ukurasa mkono wake ulikuwa juu.

Hayo maji yaliyo kwenye mchakato, kwa sasa yako wapi?

"Uliza taratibu, mzee," mwenyekiti wa mtaa alisema.

"Nauliza taratibu. Huyu binti amesoma. Mimi nataka tu kujua nikitaka kuuona huo mchakato, nipite njia gani. Nina goti moja, sitaki kupotea."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anaangalia dirishani, mvua inavyopiga migomba, kama mtu ambaye hajui hata kilichoulizwa. Ningeweza kusema wadau wanashirikishwa. Sentensi ya aina hiyo ilikuwapo tayari kwenye ulimi, maana nilikuwa nimezichapa nyingi. Lakini yule mzee alikuwa ananitazama bila dhihaka, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho kweli anataka kukinunua.

"Sijui," nikasema. "Nimesoma kilichoandikwa. Yako wapi, sijui."

Halafu, kama maji yanavyotafuta mahali pa chini, macho yote yakahama kutoka kwangu, yakapita kwa mama, ambaye hana sauti, yakafika kwa yule kijana wa mlangoni. Akabaki peke yake nayo. Akasimama.

Akaeleza kwamba mabomba yapo, yamelala kwenye uzio wa tangi kilimani. Kinachosubiriwa ni ridhaa ya wenye vibanja, kwa sababu mtaro wa bomba lazima upite ndani ya vibanja vyao ili ushuke bondeni.

"Ridhaa yangu?" mzee akauliza.

"Yako na ya majirani zako."

"Na nani amekuja kuiomba?"

Inaonekana kila ofisi iliamini ofisi nyingine imeshakwenda. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Basi tuombe sasa hivi, si wote tuko hapa," na kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kiasi kwamba hata mama alicheka, kwa sauti ambayo kwa mtu aliyekauka koo ilikuwa nzuri sana. Jioni ile nilimsikia akiimba taratibu kwenye cherehani. Nikadhani maji ya tangawizi yamemsaidia.

Wiki iliyofuata walitembea pamoja, mama, kijana wa maji na wenye vibanja, wakipigilia vijiti ardhini. Kwa mzee kijiti kiliangukia karibu kabisa na kaburi. Kijana alitaka mstari ulionyooka. Mzee hakubishana. Alikwenda akasimama pale pale, kati ya kijiti na mke wake, akaanza kung'oa gugu moja moja, polepole, bila kumtazama mtu. Mama akasema, "Bomba halina goti bovu, linaweza kuzunguka." Likazungushwa. Watu wa bondeni walichimba kwa nguvu zao wenyewe, na hadi leo ukitazama nyuma ya nyumba ile unaona udongo uliofukiwa ukijipinda kama mtu aliyempisha mwenzake njiani.

Lakini kabla bomba halijafika, mzee alianguka. Ilikuwa kwenye mteremko wa chemchemi, asubuhi ya ukungu, na majirani walimpandisha kwa blanketi. Hakuvunjika mfupa, ila binti yake alikuja kutoka Muleba na gari la kukodi na safari hii hakuomba ruhusa. Mzee alipanda akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alimpa mama ufunguo wa nyumba na neno moja tu kuhusu kaburi: "Palilia."

Mama alipalilia. Diwani wa kata, Jumamosi mchana, amejifunga kanga kiunoni, anapalilia kaburi la Mkatoliki ambaye hakuwa na undugu wowote naye. Nilikwenda kumsaidia nikiwa nanung'unika, nikimuuliza kama hili nalo litaingia kwenye taarifa.

"Liandike," akasema. "Weka mtu ndani ya sentensi."

Siku bomba la bondeni lilipofunguliwa, liliguna kwanza, likatema udongo mwekundu, kisha hewa, kisha maji. Wanawake walipiga vigelegele. Mama alingoja yatakate, akajaza chupa, akafunga kizibo, akaniambia nivae viatu.

Tulipanda gari la Muleba. Pale Kemondo, ziwa lilikuwa limetulia upande wetu wa kushoto, na mama alishika ile chupa mapajani njia nzima kama mtu anayebeba yai. Nilimwambia kuwa hata Muleba kuna maji. Akasema anajua.

Nyumba ya binti ilikuwa ya tofali, sakafu ya vigae, bomba ndani jikoni na jingine bafuni. Mzee alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, redio miguuni, amepungua.

"Kasinge waitu," alitusalimu, kisha akaniambia mimi, "Huku maji yanakuja yenyewe. Ila sina wa kugombana naye. Mkwe wangu kila ninachosema anasema ndiyo baba."

Mama hakuketi. Alitoa kwanza kahawa, akampa kwa mikono miwili. Kisha alisimama mbele ya kiti kile kama alivyosimama mbele ya kata, akasoma taarifa kwa kichwa. Mtaro wa karibu na shule umejengwa, na aliyeujenga alimtaja. Taa mbili bado haziwaki. Jalala bado, na kosa ni la nani akalisema. Kaburi limepaliliwa, magugu hakuna.

"Na maji?" mzee akauliza. "Yako wapi kwa sasa?"

Mama akampa chupa.

Aliigeuza kwenye mwanga. Akafungua, akanusa, akanywa kidogo, akaiweka kinywani kwa muda kabla ya kumeza.

"Yana dawa."

"Ya bomba ndiyo yalivyo, tata," mama akamjibu, kama binti kwa baba.

"Mabovu kuliko ya chemchemi."

"Mabovu sana."

"Basi nitayazoea," akasema, na akamwita binti yake amtafutie koti.

Binti alisimama mlangoni, mikono ina unga. Alimuuliza mama kama bomba liko mbali na mlango. Mama akamwambia aje bondeni aone mwenyewe. Alikuja. Alihesabu kwa macho umbali kutoka kizingiti hadi bombani, akafungua, akafunga, akafungua tena, akamwacha baba yake pale.

Mama alimaliza kipindi chake na hakugombea tena. Bado anashona. Mimi nilipata kazi Bukoba mjini, ya kuhariri ripoti za watu wengine, na neno mchakato nalifuta kila ninapolikuta. Jumapili nyingine nashuka bondeni. Mzee bado yupo, mkali kama zamani, na kahawa siku hizi nampelekea mimi. Ni katika siku moja kama hiyo, miaka mingi baada ya ule mkutano, nikamuuliza, kwa kuwa siwezi kuacha kitu bila kukiuliza, mama alikuwa anataka nini na kahawa yake jioni zile.

Alitafuna taratibu, tumeketi nyuma ya nyumba, karibu na kaburi.

"Kumbe hakukwambia. Alikuwa analeta maswali. Alisema, diwani akiuliza ofisini anajibiwa kwa karatasi, lakini mzee akiuliza mbele ya watu, lazima mtu asimame. Nami nilikubali kwa kuwa yalikuwa maswali mazuri. La lori la taka nililiongezea hoteli mwenyewe."

"Na lile la maji?"

"La maji lilikuwa lake lote. Nilimwambia litamwaibisha yeye mwenyewe. Akasema hatasoma yeye, atamwachia binti yake, maana yeye diwani akiulizwa atalazimika kuwatetea wenzake, na wewe hujui kudanganya." Akatema ganda la kahawa pembeni, mbali na kaburi. "Siku ile mama yako hakuwa amekauka sauti."