Aliyekuwepo Wodini

Mimi ni zao la ngumbaru. Nilisoma darasa la usiku kule Tawa nikiwa tayari na ndevu na watoto, na nilisoma kwa sauti mpaka mbu wa Tawa wakafaulu hesabu. Nilipomaliza, kanisa letu la hapa Kathonzweni likanipa watu wazima niwafundishe historia jioni, baada ya biashara yangu ya ndengu.

Somo ninalolipenda ni la vyanzo. Aliyekuwepo ni chanzo cha kwanza, nawaambia. Aliyesimuliwa, hata akiwa na digrii saba na tai juu yake, ni chanzo cha pili. Na kila karatasi iulizwe: nani aliandika, alikuwepo, na alitaka tuamini nini?

Wiki moja niliwaagiza kila mtu alete karatasi iliyochapishwa kutoka nyumbani. Kijana wa bodaboda akaleta kalenda ya mwanasiasa.

"Alitaka nini huyu?" nikauliza.

"Kura, Mwalimu. Hata Februari yote amefunika na kichwa."

Tulicheka mpaka mabati yakataka kuhama.

Kisha akasimama dada mmoja aliyeolewa huku juzi juzi. Alikuwa amechomoa programu ya mazishi kwenye Biblia ya mama mkwe wake. Kwetu humo ndimo zinamowekwa. Biblia za watu wazima hapa zimenenepa kwa marehemu. Akaiinua wote waione. Pale mbele, kwenye picha ya jalada, mke wangu alikuwa anatabasamu.

Yule dada hakujua. Waliojua wakaanza kutazama viatu vyao, na mzee wa kanisa akanyoosha mkono aichukue.

"Mwache asome," nikasema. "Karatasi ni karatasi."

Akasoma wasifu niliouandika mwenyewe. Akafika mwisho: marehemu alilala kwa amani, akiimba pambio, uso ukimulika wodi nzima, hata wagonjwa wa vitanda vya jirani wakapata nafuu.

"Nani aliandika?"

"Mume wake."

"Alikuwepo?"

Akageuza ukurasa, akaurudia. "Hajasema. Na hajasema alijuaje."

"Mwalimu," akadakia yule wa bodaboda, ambaye naye hakujua, "huyo mzee ametia chumvi gunia zima."

Hakuna aliyecheka. Nikauliza swali la tatu kwa sababu ndilo lililofuata. "Alitaka tuamini nini?"

Dada akafikiri. "Naona si sisi. Alitaka kuamini yeye mwenyewe."

Nikawaambia waende nyumbani, tutaendelea wiki ijayo. Wakatoka bila kelele. Akabaki mama mmoja kwenye benchi la nyuma, jirani yangu anayeuza mboga sokoni. Ndiye aliyempeleka mke wangu hospitalini alipobanwa kifua ghafla, mimi nikiwa mbali, Kyuso, nanunua ndengu. Alikaa naye mpaka mwisho. Tangu tuzike amekuwa akiniletea sukuma wiki, tunaongea mvua, tunaongea kuku, na hilo hajaligusa. Kwetu mfiwa hapelekewi habari za kitanda cha mwisho. Anangojewa aulize. Na mimi, bingwa wa kuuliza maswali Makueni yote, sikuwa nimeuliza.

Nikavuta kiti.

"Mwaitu," nikasema, kwani ninamwita mama, "alilala kwa amani?"

"Hapana, mwanangu."

"Aliimba?"

"Pumzi ya kuimba angetoa wapi? Alikataa kulala. Aliketi, ameshika chuma cha kitanda, macho mlangoni. Muuguzi akiufunga, anasema ufunguliwe, kuna mtu anakuja."

Nje, pikipiki ya mwanafunzi wangu ilikataa kuwaka, ikakataa, kisha ikawaka ikaenda zake.

"Aliniulizia mimi?"

"Kila mara. Nilikupigia, simu haishiki. Nikamwambia umeshapita Kitui, uko karibu. Nilitaka atulie."

"Akatulia?"

"Alicheka, kile kicheko chake cha puani. Akasema, huyo hata angenipigia mwenyewe aniambie amepita Kitui, ningejua yuko Kyuso, hajamaliza chai."

Nilikuwa Kyuso. Gari lilikuwa bado linapakiwa magunia, na chai ilikuwa mbele yangu, kwenye kikombe cha bati, moto mno kunywa haraka. Hakuna mtu aliyepata kunijua namna hiyo, wala simtarajii mwingine.

"Halafu?"

"Halafu akaacha kuuliza. Nikadhani ameridhika. Baada ya muda akaniuliza tena, kama ni kweli umepita Kitui."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema ndiyo."

"Akaamini?"

Akatazama mikono yake. "Sijui. Hilo sikuliona. Siwezi kukuambia nisiloliona."

Nikamwomba aanze tena, tangu kwenye mlango. Akarudia yote polepole. Nilimsikiliza nikitumaini safari hii kutakuwa na pambio kidogo, hata ubeti mmoja. Hakuongeza kitu.