Siku ya Somo Wangu Yustino

Enzi zetu kule Mbinga hatukuwa na habari ya keki za kuzaliwa. Tulikuwa na siku ya somo, yaani sikukuu ya mtakatifu uliyebatizwa kwa jina lake. Siku hiyo mama alikupikia wali na kuku, hukutumwa maji, na hakuna mtu mzima aliyekuchapa hata ufanye nini. Vijana ninaoishi nao chumba kimoja hapa Satwa, Dubai, nikiwaeleza hucheka: "Mzee, yaani bathdei ya mtu mwingine?"

Somo wangu ni Yustino, mwanafalsafa. Katekista wetu alitusimulia maisha yake mpaka tukayajua kama njia ya kisimani: alivyohama kutoka mwalimu huyu hadi yule akitafuta ukweli, alivyoupata kwa Kristo na bado akaendelea kuvaa joho lake la kifalsafa. Liwali wa Roma alipomuuliza kama ni Mkristo, alikiri bila kupepesa macho, akakatwa kichwa. Nilijivunia jina hilo kupita kiasi.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, siku ya somo wangu, nikiwa nimeshiba wali, kiburi kilinipanda. Nikachukua chuma, nikaigonga kengele ya kigango, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya kanisa, kama inavyogongwa mtu akifa. Kina mama wakaja mbio kutoka mashamba ya kahawa, majembe begani, wengine wameshaanza kulia. Nikatupa chuma nikajichanganya nao. Rafiki yangu Deo akakiokota, na katekista akamkuta nacho mkononi.

"Nani kagonga?" aliuliza, akitutazama wote.

Nilinyamaza. Deo alichapwa mbele yangu na hakunitaja. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata ningekiri, fimbo isingenigusa siku ile. Somo wangu alitoa shingo, mimi nilishindwa kutoa neno.

Aibu hiyo nimekuja nayo mpaka Dubai, ninakosafisha vyumba vya hoteli pale Al Rigga. Mwaka huu, siku ya somo wangu, nilimpigia Deo simu ya video. Yeye bado analima kahawa kule kule.

"Deo, ile kengele niligonga mimi."

"Najua, nilikuona," alisema. "Sikutaka kukuharibia siku ya somo wako, ndugu yangu. Nilidhani ungesema kesho yake."

Zamani ningevuka njia tu, nikamwambia nyumbani kwao. Siku hizi tunaonana uso kwa uso toka ng'ambo, na mimi niliielekeza simu darini asinione ninavyolia.